Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: gari la kulala la mkononi, uongeze nini na uache nini

Nanunua asali Sikonge, Urambo na Kaliua, na kwa kazi hiyo nimelala ndani ya magari mawili kwa misimu kadhaa. Nikiegesha sheli au stendi, lazima mtu achungulie dirishani na kuuliza yale yale. Nimewaandikia hao: wafanyabiashara wa dagaa wa Kigoma, wapiga picha, na wastaafu wanaotaka kuzunguka kabla magoti hayajagoma. Kila jibu linajitegemea, ila swali moja limejificha ndani ya yote: kifaa hiki kikifa nikiwa Sikonge au Uvinza, nani atakitengeneza?

## Mambo ya mwanzo

Gari la kulala dogo ni gari gani hasa?

Ni gari la ukubwa wa kawaida ambalo mtu mmoja au wawili wanalala ndani, wanachemsha chai, na asubuhi linaegeshwa sokoni bila mtu kushangaa. Huku kwetu utakuta Hiace, Townace na Noah, mara chache Mazda Bongo Friendee yenye paa linaloinuka, na Suzuki Every ya sisi 660 kwa mtu asiye na mizigo. Kosta nayo watu wanalalia, lakini hiyo ni nyumba, si gari dogo.

Mengi yanatoka Japani. Kuna yaliyotengenezwa huko yawe ya kulala, yana kabati, sinki na betri ya pili. Na kuna ya kawaida ambayo mwenyewe alipigilia kitanda akayauza hivyo hivyo.

Nichukue lililokamilika, au ninunue Noah tupu nimpe seremala?

Ingia ndani, jilaze, kaa, jaribu kuvua shati. Kisha hesabu vitu utakavyobaki navyo na vile utakavyong'oa. Kila utakachong'oa unakilipia mara mbili, siku ya kununua na siku ya kukitoa, na huwa kinaacha tundu. Kama utabaki na sehemu kubwa ya vilivyomo, lililokamilika lina faida. Kama unapenda kitanda tu, nunua Noah.

Ukienda kwa seremala wa Tabora, mwambie mapema kwamba hutaki mninga. Atakuangalia kama umemtukana, kwa sababu mninga ni fahari ya huku. Lakini nimewahi kuona kitanda cha mninga ndani ya Townace kilichohitaji wanaume wanne kukitoa, na springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. Plaiwudi ya milimita 12 na fremu ya mabomba ya chuma ya mraba inatosha.

Nitenge kiasi gani kwa maboresho?

Mimi hutenga robo ya bei ya gari, na nusu ya hiyo robo siigusi mpaka nimelala ndani usiku kumi. Hesabu ya kodi iwe tayari kabla ya yote. Kama unaagiza mwenyewe, TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika mtandaoni. Weka aina na mwaka uone. Ndani yake kuna VAT ya asilimia 18, na gari lililozidi miaka kumi linaongezewa ushuru wa uchakavu. Friendee iliacha kutengenezwa mwaka 2005, kwa hiyo yoyote utakayoagiza leo iko kwenye kundi hilo.

Nianze na kipi?

Kinacholifanya gari liende na lisimame: tairi, breki, mfumo wa kupozea injini. Halafu paa lisilovuja. Baada ya hapo simama, lala ndani usiku kumi, na uwe na daftari. Usiandike unachokitamani. Andika kilichokuudhi.

Daftari langu la gari la kwanza linaonyesha jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya friji. Usiku wa kumi nilikuta nimeandika mara sita kwamba sioni kitu nikifungua mlango wa nyuma gizani, na mara nne kwamba buti zenye tope sina pa kuziweka. Nikanunua taa moja ya volti 12 na beseni la plastiki. Friji ilisubiri mwaka mzima.

## Kabla hujalipa

Muuzaji anasema gari "lina kila kitu". Hivyo vitu nivilipie?

Lipia kile kilichofanya kazi mbele ya macho yako. Taa iwake, pampu itoe maji, feni izunguke. Friji iwashwe jioni na ufungue asubuhi ukiwa na chupa ya maji uliyoiweka mwenyewe. Muuzaji akisema haina haja kwa sababu unamwona kila siku, mwambie shikamoo kama ni mkubwa kwako, kisha iwashe hivyo hivyo.

Betri ya pili yenye maji ya asidi, ambayo hakuna anayejua ilifungwa lini, ihesabu kuwa sifuri. Ipime ikiwa imepumzika masaa machache bila kuchajiwa wala kutumika: 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu. Ikisoma vizuri, washa taa na feni masaa mawili uipime tena, maana betri iliyochoka inaonekana nzima mpaka uibebeshe mzigo. Vifaa vya umeme wa Kijapani navyo vina hesabu yake. Tazama swali la soketi kwenye sehemu ya umeme.

Nikague wapi kuliko pote?

Paa. Mtu akinipa dakika kumi tu na gari la kulala, tisa natumia juu na kwenye pembe za dari. Huku mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili, na kati ya Mei na Oktoba gari lolote lina paa zuri. Wauzaji wanalijua hilo.

Gari langu la pili nililinunua Agosti. Dari lilikuwa limepigwa zulia jipya la kijivu, safi, nikafurahi. Novemba nikiwa Kaliua, saa nane usiku, tone la kwanza likaniangukia sikioni. Nikageuka, la pili likapiga mto. Mpaka asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, sufuria iko kitandani inahesabu. Nilipong'oa zulia nikakuta plaiwudi nyeusi inayobonyea kwa kidole gumba kama mkate uliolowa chai. Chanzo kilikuwa tundu la waya wa antena ya televisheni, ambalo mtu alilijaza silikoni ya bafuni. Kwa paa la gari silikoni hiyo haidumu: chuma kinatanuka na kusinyaa kwa jua, yenyewe inabanduka ukingoni, na ukishaipaka hata gundi nzuri haishiki tena juu yake mpaka ukwangue yote.

Kwa hiyo: bonyeza kwa kidole gumba pembe zote, pembezoni mwa madirisha, na kuzunguka kila tundu la dari. Nusa ndani ya kabati lililofungwa. Inua godoro uangalie chini yake. Zulia au wolpepa mpya iliyo sehemu moja tu ni swali, muulize. Halafu peleka gari kwa waosha magari, kaa ndani na tochi, wamwagie paa maji dakika kumi na tano, mbele, nyuma na pembeni. Kama unanunua Kigoma, hiyo pua uliyonusia kabati itakusaidia pia kujua kama gari limewahi kubeba dagaa. Plaiwudi ikishanywa harufu ile haiiachi.

Kuziba vizuri ni kazi ya fundi vioo. Gundi ya poliurethani wanayobandikia kioo cha mbele inashika na inabaki laini. Jua linaila pole pole, kwa hiyo ikikauka ipake rangi juu.

Paa linaloinuka la Friendee ni faida au mzigo?

Ni raha, hewa inapita na watu wawili zaidi wanapata pa kulala. Lakini linainuliwa kwa mota za umeme, na mota ikigoma katikati huendi popote mpaka lishuke. Liinue na kulishusha mara tatu ukiwa hapo. Angalia kitambaa kwenye mikunjo yake, ndipo kinapochanika.

Jambo kubwa zaidi la Friendee si paa, ni maji ya injini. Ile ya dizeli ya 2.5 yenye turbo ina sifa ya kupoteza maji kimya kimya kwenye mipira iliyojificha, kisha kupasua silinda hedi. Kengele ya kuonya maji yakipungua, fundi umeme wa gari anaifunga kwa siku moja. Ukinunua gari hilo, hiyo ndiyo iwe nyongeza yako ya kwanza kabla hata ya shuka.

## Barabara na uzito

Tairi pana zenye meno makubwa zinahitajika?

Kwa wengi, hapana. Lami sasa inafika mbali kuliko wengi wanavyodhani, na Tabora mpaka Mpanda kupitia Sikonge na Ipole ni lami. Kinachohitajika ni tairi la kubeba uzito. Hiace ya mizigo inakuja na 195/80R15 yenye namba 107/105 ubavuni. Hiyo 107 maana yake tairi moja linabeba kilo 975 likiwa peke yake upande. Watu wanaweka tairi za gari dogo kwa sababu ni laini na rahisi, halafu wanajaza kabati na maji. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililokaa uani muda mrefu lina tairi zenye kashata nzuri na umri wa babu.

Niinue gari au niongeze springi?

Pima kwanza. Jaza maji, gesi, vyakula na watu, nenda kwenye mizani ya magari ya ghala la mazao ukawaombe, upime mbele peke yake na nyuma peke yake, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Wengi wanakuta tatizo ni uzito, na springi nzito zinalificha tu. Shokapu mpya za nyuma zinasaidia zaidi ya kuinua. Gari la kulala tayari ni refu kwenda juu, na ukiliinua linayumba kwenye upepo wa lori.

Lazima liwe la kuvuta miguu yote minne?

Kama unaingia vijijini wakati wa mvua, linasaidia kwenye kichanga na kwenye njia zenye utelezi. Kwenye tope jeusi la mbugani, kule Igunga na sehemu za Nzega, linakusaidia kukwama mbali zaidi na barabara. Mimi natumia la miguu miwili, koleo, vipande viwili vya mbao, na adabu ya kusubiri jua la saa nne.

Vumbi linaingia nyuma, nibadilishe mlango?

Badilisha mpira wa mlango tu, na ukiwa kwenye rafu rodi funga tundu la dari na madirisha ya nyuma, kisha washa feni ya mbele iingize hewa ya nje. Presha ndani ikizidi kidogo, vumbi halivutwi. Tundu la dari likiwa wazi, gari linanyonya vumbi la nyuma kama bomba.

## Umeme

Nahitaji paneli ngapi na betri gani?

Jibu kwanza swali la friji, kwa sababu friji ndiyo inayoamua karibu yote yanayofuata.

Chukua mtu asiye na friji. Feni ya wati 15 kwa masaa nane ni 120. Taa za wati 10 kwa masaa manne ni 40. Simu mbili kama 30, kompyuta 60. Jumla ni wati-saa 250 kwa siku. Betri moja ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa 100, kwa volti 12), ambayo hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, inakupa kama 600. Paneli moja ya wati 100 juani inarudisha kama 375, nikihesabu masaa matano mazuri na kukata robo kwa vumbi, joto na waya. Umetosheka, na kila kitu hapo kinapatikana kwenye duka la sola lolote mjini.

Sasa weka friji ndogo ya kompresa ya volti 12, inayokula wati 45 ikiwa inazunguka. Oktoba ya Tabora inazunguka karibu nusu ya siku, yaani 540. Jumla inakuwa karibu 790. Betri ile ya asidi haitoshi tena. Unahitaji mbili, au moja ya lithiamu, na paneli za wati 200 ambazo nazo zitakupa kama 750, pungufu kidogo ya unachokula, siku ya jua kali. Siku ya mawingu ya Januari unadaiwa. Friji moja imekuletea betri mpya, paneli ya pili, chaja nyingine na uzito.

Ndiyo maana nasema lala kwanza usiku kumi. Anayebeba chanjo, sampuli au samaki wabichi wa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, anahitaji friji, hana mjadala. Anayetaka soda baridi anunue barafu.

Betri ya lithiamu inafaa huku?

Inafaa, kwa kuwa unaitumia asilimia 80 au zaidi na ni nyepesi kama nusu ya ile ya asidi. Lakini usiifunge chini ya boneti, joto litaiua, na usiiunganishe moja kwa moja na oteneta (jenereta ya injini) kwa relei kama walivyofanya zamani. Lithiamu inavuta umeme mwingi mfululizo na inaweza kuunguza oteneta. Inataka chaja yake ya kati, ya kutoka volti 12 kwenda 12, ambayo inaweka kikomo. Bila fedha ya chaja hiyo, baki na asidi. Asidi inajulikana na fundi betri wa Kasulu kama anavyoijua nyumba yake.

Soketi iliyo ubavuni mwa gari la Kijapani, naweza kuchomeka umeme wa nyumbani?

Usichomeke. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Chaja ya betri, maikrowevu na kila kilichofungwa nyuma ya soketi hiyo kilitengenezwa kwa volti 100.

Nami nilifanya. Nyumba ya wageni ya Urambo, mwenye nyumba mkarimu, akanitolea waya mpaka uani. Soketi ilikuwa na pini tatu nene za hapa nchini, nikaona sawa. Haikuwa sawa: mwenye gari aliyetangulia alikuwa amebadilisha kichwa cha plagi tu. Sauti kama ya karanga kwenye kikaango, harufu ya plastiki, na chaja ikawa historia. Nilikuwa na bahati kwamba betri haikushika moto.

Fungua kifaa, soma kibati. Kikiandikwa 100V peke yake, kikate kwenye mzunguko, au kitoe na uweke chaja ya 230 ya hapa. Kikiandikwa 100–240V kama chaja nyingi za simu, hakina shida. Inveta iliyokuja na gari, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nayo huwa inatoa volti 100: itachaji simu na kompyuta vizuri, lakini pasi au blenda ya dukani kwetu itakwenda kama mgonjwa. Transfoma ya kushusha umeme ipo, ila ni chuma kizito kwa kazi ya kuokoa maikrowevu ya zamani.

Fundi amefunga kila kitu, lakini friji inazima yenyewe usiku. Betri mbovu?

Pima volti kwenye betri, halafu pima pale waya unapoingia kwenye friji ikiwa inazunguka. Ukikuta 12.6 huku na 11.4 kule, betri haina kosa, waya ni mwembamba. Friji iliyo mita nne kutoka kwenye betri ipe waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba. Ukiwa hapo hapo, angalia kama kuna fyuzi karibu na kichwa cha chanya cha betri, umbali usiozidi shubiri. Gari nyingi ambazo mwenyewe alijifungia umeme hazina, na waya ukikwaruzwa na chuma hapo katikati hakuna kitu cha kuukata isipokuwa moto.

## Joto, wadudu na usingizi

Nifunge kiyoyozi cha kulalia?

Hapana. Kinaweza kula wati elfu moja kwenda juu, na hesabu ya friji umeshaiona. Feni ya dari inayotoa hewa, dirisha moja lenye wavu upande wa kivuli, na pazia la foili kwenye kioo cha mbele vinatosha Tabora, ambako tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku unapoa. Kigoma ziwani kuko chini, kama mita 770, na kuna unyevu. Huko weka feni mbili na egesha mahali upepo wa ziwa unapofika.

Gari lina hita ya Kijapani. Niitoe?

Kama inafanya kazi na bomba lake la moshi ni zima, iache, Juni na Julai alfajiri utaifurahia mara mbili tatu. Kama haiwaki, itoe, uzibe tundu la chini, uweke viatu hapo. Usije ukaleta jiko la mkaa ndani mahali pake hata dakika kumi. Gesi ya mkaa haina harufu na watu wameshakufa hivyo ndani ya vyumba vikubwa kuliko gari.

Mbung'o na mbu wanahitaji nyongeza gani?

Wavu kwenye kila dirisha linalofunguka na kwenye tundu la dari, na chandarua cha kawaida chenye dawa kwa sababu mlango utafunguka tu. Hiyo ni ya mbu.

Mbung'o wa msituni kuelekea Ipole na Katavi ni wa mchana, wanafuata kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kama ulikuwa unafikiria kupaka gari bluu nzito kwa mapambo, acha. Nyeupe iliyochafuka ni nzuri. Na mbung'o wanabeba malale, kwa hiyo usione ni mchezo wa kupigana nao kwa kofia.

## Maji, jiko na choo

Tenki la kufungwa au madumu?

Madumu mawili ya lita 20. Unayaona, unayaosha, unayajaza kwenye bomba lolote, na likitoboka unanunua jingine sokoni. Tenki la kufungwa la lita 60 likijaa ni kilo 60 mahali pamoja, na ndani yake huoni kinachoota. Kama gari limekuja nalo, lisugue mara moja, ulinuse, kisha uamue. Pampu ndogo ya volti 12 ya kutumbukiza ndani ya dumu inafanya kazi ya sinki vizuri.

Jiko la Kijapani la vikopo vya gesi litatumika?

Jiko litatumika, vikopo ndivyo vitakavyokosekana ukitoka mjini, na kikopo kilichoachwa ndani ya gari juani Oktoba kinaweza kupasuka. Mtungi wa kilo 6 unabadilishwa mpaka kwenye maduka ya vijijini. Uweke wima, ufungwe mkanda, na sakafuni pawe na tundu la kutokea hewa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini pale miguu ilipo. Mimi napikia nje, chini ya turubai. Ugali ndani ya Noah unafanya shuka zote zitoke jasho.

Choo?

Ndoo yenye mfuniko, maranda ya seremala, na hema dogo la kuogea. Choo cha kemikali ni kizuri mpaka dawa iishe.

## Karatasi na mambo ya pembeni

Nimetoa viti na kubadilisha bodi. Niripoti?

Ukibadilisha rangi, injini au bodi, taarifa ziende TRA ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Trafiki wa njiani atasoma kadi, halafu atakusoma wewe. Kitanda kinachoinuliwa bila kung'oa viti kinakuepusha na mengi. Kwenye bima kubwa, waandikie vifaa ulivyoongeza na risiti zake, la sivyo gari likiibiwa watalipa gari bila sola.

Naweza kulala na gari Gombe?

Gombe haina barabara ya kuingilia, watu wanakwenda kwa boti kutoka Kigoma. Gari linabaki mjini, kwa hiyo kwa safari hiyo fikiria kufuli la ndani na mahali pa kuegesha penye mlinzi, na zima friji kabla hujaondoka.

Mume wangu anataka la kukamilika, mimi nataka tupu. Tufanyeje?

Dada, hili nimeulizwa mara tatu na kila mara na mwanamke. Kodini Noah siku nne, wekeni godoro, mwende Kigoma na kurudi. Kila mmoja awe na daftari lake na msionyeshane mpaka mfike nyumbani. Mke wangu aliandika kitu kimoja tu kwenye lake: ngazi ya kupandia mlangoni, akiwa amevaa gauni. Sikuwa nimeiwaza. Fundi wa kuchomelea aliimaliza mchana mmoja.

Nikija kuuza, fedha za maboresho zitarudi?

Chache. Mnunuzi analipia tairi mpya, injini isiyochemka na paa kavu. Kabati ulizozipenda wewe yeye anaziona ni kazi ya kung'oa. Vinavyorudisha fedha ni vile unavyoweza kuvitoa na kuviuza peke yake, yaani betri, paneli, friji na chaja, kwa hiyo vifunge kwa bolti, si kwa gundi. Gari langu la kwanza niliuzia mtu wa Nzega bila paneli. Paneli ile iko juu ya bati la mama sasa, inawasha taa mbili na redio.